Jua Linawaka, Barabara Imefungwa: Kuusoma Utabiri wa Upepo na Theluji

Kila msimu wa baridi kundi letu la WhatsApp hapa Fargo hujaa swali moja: "Inchi ngapi?" Mtu kaona kwenye simu kwamba dhoruba inakuja, hajui kama aende zamu ya usiku au apige simu kazini kuomba ruhusa, na anachotaka ni namba. Inchi mbili? Ah, twende, tumeshaona kumi. Inchi kumi? Tulale.

Halafu inafika siku ambayo jibu lilikuwa inchi mbili. Asubuhi jua linawaka, mbingu buluu kama ya Bagamoyo mwezi wa kwanza, hakuna hata chembe inayoanguka, na barabara kuu ya I-29 imefungwa kwa geti. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Wa kwanza anasema watabiri ni waongo. Wa pili anasema serikali inatia watu hofu bure. Wa tatu, aliyeingia kutoka Uvira juzijuzi tu, anauliza kwa upole: ndugu zangu, hiyo theluji iliyofunga barabara iko wapi?

Iko mashambani. Ilianguka wiki iliyopita, na leo upepo umeiinua. Utabiri ulilisema hilo wazi kabisa, ila ulilisema kwenye mstari wa tatu, baada ya inchi, na wengi wetu tulikuwa tumeshaacha kusoma.

Kwa msomaji aliye Morogoro au Kisumu, nieleze kwanza tulipo. Fargo iko jimbo la North Dakota, Marekani, ukingoni mwa mto Red River, mto unaotiririka kwenda kaskazini mpaka Ziwa Winnipeg huko Kanada. Ng'ambo ya mto ni jimbo la Minnesota. Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania tupo hapa, tupo Grand Forks, tupo Sioux Falls kusini na Winnipeg kaskazini. Ardhi ya bonde hili ni bapa kupita maelezo. Zamani za barafu kuu ilikuwa sakafu ya ziwa kubwa mno, ambalo wanajiolojia wanaliita Agassiz. Maji yakaondoka, tope likabaki, na leo ni mashamba ya ngano, soya na bitiruti za sukari. Yakishavunwa, mashamba hayo hubaki matupu mpaka upeo wa macho. Upepo ukitoka Kanada haubishi hodi popote. Hakuna mlima, hakuna msitu, kuna mistari michache ya miti ambayo wakulima waliipanda makusudi, na nyumba zetu.

Sasa maneno yenyewe. "Theluji" kwa Kiswahili ni neno moja lililobeba mizigo mingi. Wengi wetu tuliijua kama kofia ya Kilimanjaro, kitu cheupe kilichotulia mbali, cha kupigia picha. Aliyekulia Makete anaijua pia sakitu ya alfajiri inayounguza viazi. Hapa theluji hutajwa kwa kile inachokifanya. Ipo inayoanguka, hiyo haina fumbo. Ipo inayotambaa: upepo unaiburuta chini ya kimo cha mtu, inavuka barabara kama moshi wa jikoni unaopita chini ya mlango. Dereva bado anaona mbele, lakini lami inapotea na mahali pake panakuwa utelezi. Na ipo ya kupeperushwa, ambayo imeinuka mpaka usawa wa macho na kupita. Hiyo ya tatu ndiyo inayofunga barabara, na ndiyo inayotajwa kwenye ule mstari ambao hatuusomi.

Juu yake kuna neno la kutisha zaidi, "blizzard". Nitaliita tufani ya theluji. Ukiuliza watu kumi mtaani, wa Kiswahili na wa Kiingereza, tisa watakwambia ni theluji nyingi mno. Idara ya hali ya hewa ya Marekani, inayofahamika kwa herufi NWS, haikuweka inchi hata moja kwenye maana yake. Inataka mambo matatu yakutane: upepo wa kasi ya maili 35 kwa saa, yaani kilomita 56, au mikupuo ya mara kwa mara (vishindo vya upepo vya sekunde chache) inayofika hapo, theluji, iwe inaanguka au inapeperushwa, inayokufanya usione kupita robo maili, kama mita 400, na hali hiyo idumu saa 3 au zaidi. Basi. Hata baridi haikutajwa. Kanada wana vipimo vyao, upepo wa kilomita 40 kwa saa, mita 400 na saa 4 kwa sehemu kubwa ya nchi, lakini wazo ni lilelile. Na kama hakuna chembe inayotoka mawinguni, yote inatoka chini, wenyeji huiita tufani ya ardhini. Unaweza kusimama ndani yake, ukainua uso, ukaona buluu.

Mita 400 ni mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha. Ukiwa kwa miguu ni mbali. Ukiwa ndani ya gari linalokimbia kilomita 110 kwa saa unakula mita 30 kila sekunde, kwa hiyo mzunguko mzima umekwisha kwa sekunde 13. Na 400 ni mlango tu wa kuingilia tufani. Ndani yake kuna dakika ambazo dereva haoni boneti ya gari lake mwenyewe. Anga, ardhi na hewa vinakuwa rangi moja na akili inashindwa kujua juu ni wapi.

Kwa nini basi inchi mbili za leo zinaweza kuwa mbaya kuliko kumi za mwezi uliopita? Nenda kwenye ungo. Mama anapopepeta mpunga, makapi huruka na punje hubaki. Upepo ni uleule, kinachoamua ni uzito na kushikana. Theluji nayo ina makapi yake na punje zake. Kwa kawaida inchi 1 ya maji ikigeuka theluji hujaa kama inchi 10. Baridi ikiwa kali, inchi hiyohiyo ya maji inaweza kujaa inchi 15, hata 20, kwa sababu kilichoongezeka ni hewa katikati ya chembe. Theluji ya namna hiyo ni makapi matupu. Upepo wa kilomita 25 au 30 kwa saa, ambao Mombasa ungeuita upepo mzuri wa jioni, unatosha kuianzisha safari. Theluji iliyoanguka joto likiwa karibu na nyuzi 0 za Selsiasi ina unyevu, inashikana kama unga uliotiwa maji kwa chapati. Ikipigwa jua siku mbili kisha ikaganda tena, inaota gamba juu, na hapo upepo unaweza kulia usiku kucha usiichukue.

Kwa hiyo mtabiri anapoangalia wiki inayokuja anajiuliza jambo ambalo sisi hatulifikirii: theluji iliyolala mashambani sasa hivi ni ya lini, na imeshaota gamba? Kama gamba lipo, inchi mbili mpya ndizo tu zitakazoruka. Kama halipo, kila kilicholala kati ya hapa na Winnipeg ni mzigo unaosubiri dereva.

Ikishaanza kuruka huzidishana. Chembe moja ikiinuka na kudondoka hugonga nyingine kadhaa, nazo zinaruka, kama golori za watoto uwanjani. Na upepo wenyewe haukui kwa hesabu ya kujumlisha. Kasi ikiongezeka maradufu, msukumo wake unakuwa mara nne. Ukisoma maili 25 jana na maili 40 leo unaona kama nyongeza ya kawaida; kwa msukumo ni zaidi ya mara mbili na nusu. Halafu kuna mikupuo, ule upepo unaokuja kwa kishindo cha sekunde chache na kupoa. Kasi ya kawaida hapa Marekani ni wastani wa dakika 2. Mikupuo iko juu ya wastani huo, na ndiyo inayosukuma lori tupu pembeni mwa barabara.

Upepo huu unatoka wapi? Aliyezaliwa pwani anajua kwamba kaskazi na kusi zina misimu yake, na kwamba upepo hausafiri bila sababu. Hewa hukimbia kutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo. Kwenye ramani za utabiri kuna mistari inayounganisha sehemu zenye mgandamizo sawa. Ikumbuke ramani ya kontua ya darasa la jiografia: mistari ikikaribiana, mlima ni mkali. Hapa ni hivyohivyo, mistari ikibanana hewa inateremka kwa kasi. Nikiona mistari imebanana juu ya bonde letu kama mikunjo ya kitenge kilichofinywa, sihitaji kusoma inchi.

Dhoruba ina mpangilio, na mpangilio huo ndio mtego. Kitovu cha mgandamizo mdogo kikikaribia, upepo wa mbele yake unatoka kusini na kuleta joto. Watu wanafungua makoti, wengine wanatoka na sweta. Kitovu kikipita, upepo unageuka ghafla, unatoka kaskazini-magharibi ukiwa umebeba hewa nzito ya Aktiki, na joto linaporomoka. Asubuhi nzuri ni sehemu ya dhoruba.

Watu wa nyanda hizi walilijua hilo kwa msiba. Tarehe 12 Januari 1888 asubuhi ilikuwa ya joto kiasi, baada ya siku nyingi za baridi kali. Watoto wakaenda shule bila nguo nzito, wakulima wakatoka mbali na nyumba kutafutia mifugo majani. Mchana tufani ikapiga Dakota, Nebraska na Minnesota kama ukuta unaotembea. Walimu walibaki na uamuzi ambao hakuna anayetaka kuufanya, kuwaruhusu watoto waende au kuwazuia wakati kuni zinaisha. Watu wapatao 235 walikufa, wengi wakiwa watoto waliokuwa njiani kurudi nyumbani, na tufani hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lao. Nyumba hazikuwa mbali, ila hazikuonekana.

Siku hizi tunayo simu inayotuonya, lakini onyo lina lugha yake, na hapa ndipo Waswahili tunapotea zaidi. Maneno ni matatu: watch, advisory, warning. Mtu mmoja kwenye kundi letu aliwahi kuweka ujumbe kwenye programu ya kutafsiri, ikamrudishia "Saa ya Dhoruba ya Majira ya Baridi", maana watch kwa Kiingereza ni saa ya mkononi pia, na nusu saa nzima tukawa tunaulizana ni saa ngapi hiyo.

Aliyetoka Tanzania ana tatizo jingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na hizo ni ngazi: kila moja ni nzito kuliko iliyotangulia. Akiona watch anaipa jina la angalizo, anaiweka ngazi ya chini, anaendelea na shughuli zake. Lakini watch haisemi kwamba dhoruba ni ndogo. Inasema kwamba dhoruba kubwa inawezekana na bado ina muda kabla ya kufika, mara nyingi siku moja mpaka tatu. Hali inayotajwa kwenye watch na inayotajwa kwenye warning ni ileile. Kilichobadilika ni uhakika: kwenye watch watabiri wanaona nusu kwa nusu au zaidi, kwenye warning wamefika kama asilimia 80. Advisory ndiyo ya ukubwa mwingine: jambo linakuja, litasumbua, ila halijafika kiwango cha warning.

Fikiria umeanika mahindi uani. Wingu jeusi likitokea upande wa mlima unawaambia watoto msiende mbali, kaeni karibu na mkeka: hiyo ni watch. Harufu ya mvua ikishafika na majani yakaanza kupinduka, mnakunja mkeka na kukimbia ndani: hiyo ni warning. Manyunyu yanayokuja kulowesha pembe za mkeka, ukavuta turubai na kuendelea na kazi, ni advisory. Kosa kubwa ni kukaa unangoja wingu la advisory lipande cheo kabla hujakunja.

Ipo moja zaidi inayoshtua kwa mlio wa simu, ya theluji ya ghafla. Hiyo inahusu eneo dogo na muda mfupi, chini ya saa nzima mara nyingi: mkanda mwembamba wa theluji nzito na upepo unaovuka barabara na kupita. Ukiipata ukiwa bado hujatoka, kunywa chai kwanza.

Kuhusu saa, tahadhari ndogo ambayo imeshamfanya zaidi ya mmoja wetu aondoke kwa wakati mbaya. Utabiri ukisema "6 PM" ni saa kumi na mbili jioni. Ni rahisi kucheka, mpaka usiku wa manane unaposoma ujumbe umechoka na jicho linaona sita, na kichwa kinasema saa sita.

Namba za baridi nazo zina fumbo lake. Marekani hupima kwa Farenhaiti. Maji huganda kwenye 32, kwa hiyo mtangazaji akisema "sifuri" hamaanishi sifuri ya kwetu. Anamaanisha nyuzi 18 chini ya sifuri ya Selsiasi. Vipimo hivi viwili vinakutana mahali pamoja tu, kwenye 40 chini ya sifuri, ndiyo baridi ambayo Mmarekani na Mkanada wanaitaja kwa namba moja.

Halafu inatajwa namba ya pili, iliyo chini zaidi: baridi ya upepo. Tuseme kwa Selsiasi: "Ni 18 chini ya sifuri lakini unahisi 28." Ipi ya kweli? Zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Kumbuka feni ya Dar es Salaam. Ukiiwasha, chumba hakipoi. Weka kipimajoto mbele yake na hakitashuka. Unapoa wewe, kwa sababu mwili una joto na upepo unaliondoa lile tabaka la hewa ya uvuguvugu lililokaa juu ya ngozi. Baridi ya upepo ni hesabu ya jinsi ngozi ya uso wa binadamu inavyopoteza joto, na fomula inayotumika sasa Marekani na Kanada ilianza mwaka 2001. Kwa mfano huo, nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 30. Gari lako halina ngozi. Injini itapoa haraka zaidi upepo ukivuma, lakini haiwezi kushuka chini ya joto halisi la hewa. Kwa hiyo anayesema betri yake imekufa kwa sababu ya baridi ya upepo, betri ilikuwa imechoka tangu kiangazi.

Wenyeji wa zamani wanaotafuta ule ujumbe wa kuonya kuhusu baridi ya upepo na kuukosa wasihangaike. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NWS ilibadilisha jina. Sasa unaitwa onyo la baridi kali mno, na unahesabu baridi yenyewe na ya upepo pamoja.

Sasa turudi kwa yule aliyesema watabiri ni waongo. Kompyuta za utabiri haziendeshwi mara moja. Huendeshwa mara nyingi, kila mara mwanzo ukibadilishwa kidogo, kwa kuwa hakuna anayejua hali ya hewa ya kila pembe ya dunia kwa wakati mmoja. Majibu yakifanana, mtabiri anajiamini. Yakitawanyika anaandika "inchi 3 hadi 8", na sisi tunamcheka. Njia ya dhoruba ikihama kilomita 80 tu, mji mmoja unazikwa na jirani yake anaota jua. Ndiyo maana ukiona programu ya simu inakuonyesha inchi 14 siku nane kabla, nakuomba, usiitume kwenye kundi. Hiyo ni jibu moja kati ya mengi, na mara nyingi ndilo lililokwenda mbali na mengine. Hata baada ya dhoruba kupita, theluji iliyopeperushwa ni ngumu kuipima: hapa imefagiliwa mpaka majani yanaonekana, pale imefika dirishani. Inchi ngapi? Inategemea umesimama wapi.

Bonde hili lina somo lake kuhusu namba moja. Majira ya baridi ya 1996 na 1997 yalileta tufani nane, na gazeti la Grand Forks Herald likazipa majina kwa kufuata alfabeti. Ya mwisho, Hannah, ilikuja Aprili, wakati watu walishaanza kuzungumza habari za kulima. Theluji yote ile ikayeyuka kuingia mtoni. Utabiri wa mafuriko ulitaja futi 49, na futi 49 ikawa wimbo wa mji, kila mtu akajiandaa kwa hiyo. Mto ukapita futi 54. Grand Forks ikamezwa, karibu mji mzima ukahama, na katikati ya maji hayohayo majengo ya mjini yakashika moto. Watu walikuwa wamesikia kadirio wakalishika kama ahadi. Tangu nimeisoma habari hiyo, nikiona utabiri wenye namba mbili na neno "hadi" katikati, namheshimu aliyeuandika.

Hoja ya wanaosema gari kubwa linapita popote nitaipitia haraka kwa sababu haistahili zaidi. Gari linalosukuma magurudumu yote manne hukusaidia kuondoka. Halikusaidii kusimama, na halikupi macho. Pombe nayo haipashi mwili joto. Inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, unajisikia vizuri huku joto la ndani likitoka nje.

Na wale wanaosema "ni baridi mno, theluji haiwezi kuja"? Wana nusu ya hoja. Hewa ya baridi kali inabeba mvuke mdogo, kwa hiyo theluji inayoanguka hupungua. Lakini tumeshaona kwamba tufani ya ardhini haihitaji ianguke tena, na baridi hiyohiyo ndiyo inayoifanya iliyolala iwe kavu na nyepesi.

Tuchukue basi utabiri wa mfano, wa aina tunayopata mara kwa mara: theluji inchi 1 hadi 3, upepo wa kaskazini-magharibi maili 35 hadi 40 kwa saa, mikupuo mpaka 55, theluji ya kupeperushwa itapunguza sana umbali wa kuona, hasa maeneo ya wazi. Mimi sasa nauanzia nyuma. "Maeneo ya wazi" maana yake ni nje ya mji. Ndani ya Fargo nyumba na miti vinaukata upepo, na mtu anaweza kwenda dukani akirudi anashangaa kelele za nini. Kilomita tano kutoka hapo hakuna barabara. Kisha mikupuo. Kisha mwelekeo: I-29 inakwenda kaskazini na kusini, kwa hiyo upepo wa kaskazini-magharibi unaivuka kiubavu na kumwaga mzigo wa mashamba juu yake. Kisha nakumbuka theluji iliyopo ni ya lini. Inchi nazisoma mwisho, nikizikumbuka.

Kama kazini wanasema njoo, na kuna wanaosema hivyo, angalia ramani ya barabara ya jimbo kabla ya kujibu. Barabara ikiandikwa kuwa haishauriwi kusafiri, hata magari ya kusukuma theluji yanaweza kuwa yameondolewa. Ikiandikwa imefungwa, geti limeshushwa na kupita ni kosa la kisheria.

Ukikwama, usitoke kwenda kutafuta msaada. Gari linaonekana kuliko mtu, na waliokufa njiani katika tufani hizi wengi walikuwa wameacha mahali pa kujikinga. Washa injini dakika kumi hivi kila saa, fungua dirisha la upande usiopigwa na upepo nafasi ya kidole, na kabla ya kuwasha kila mara hakikisha ekzosi haijafukiwa. Moshi ukikosa njia unarudi ndani, na sumu yake haina harufu. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za jiko la mkaa hatuhitaji kuelezwa jinsi inavyolaza familia nzima bila mtu kupiga kelele.

Hilohilo lipo nyumbani. Mitambo mingi ya kupasha nyumba joto hapa hupumua kwa bomba la plastiki linalotokeza ukutani, na ukuta wa upande usiopigwa na upepo ndipo theluji inapojilundika. Upepo ukitulia, kabla hujaanza kufukua gari, zunguka nyumba na koleo uangalie hilo bomba.